Nzi Mwenye Ndevu na Risasi Moja

Dada Tatu, nakusalimu kutoka Kibiti, mimi mzima.

Mjerumani ninayembebea mizigo anakusanya wadudu tu, vita hivi wala havimshughulishi. Siku tatu tumemfukuza nzi mmoja mwenye ndevu, anayedaka nyuki hewani na kumfyonza mpaka abaki ganda. Tulipompata akatiwa kwenye chupa ya mvinyo mkali, nikabebeshwa mimi.

Pale kivukoni Ndundu, Bwana akiwa bado nyuma, askari wa serikali wakanipekua. "Ahaa! Hii ndiyo ile dawa ya maji ya waasi!" ombasha wao, mkuu wa zamu, akapiga kelele, akaagiza kamba ya kuninyongea. Ulimi wangu haukulegea. Nikamwambia, "Afande, dawa ile hugeuza risasi kuwa maji. Ipige uone." Akaiweka juu ya kisiki, akafyatua. Chupa ikasambaratika, nzi asionekane hata bawa.

"Kweli, si dawa," akasema ombasha. "Pita."

Bwana amenitupia wavu tu, nikamtafute nzi mwingine. Mwambie mama vita nimevipita salama. Sasa aniombee kwa nzi.

Mdogo wako mpenzi,
Hamisi, vichakani