Fungate Kwenye Kichwa cha Lori

Jumapili, 3 Agosti

Siku ya tisa ya ndoa! Kampuni imemnyima mume wangu likizo, basi fungate naila ndani ya lori. Kitanda kiko nyuma ya viti, upana wake kama ubao wa kupigia pasi. Mmoja akigeuka, mwenzie naye ageuke. Hata nikitaka kununa sina pa kwenda — na sitaki!

Jumatatu, 4 Agosti

Tulipoegesha, kaniketisha kwenye usukani. Akasema nimtazame kwa vioo, mimi bibi harusi wake, naye azunguke lori. Nikamwona, nikamwona... hayupo! Kumbe kasimama chini ya dirisha la abiria, ananipungia. Upande ule, anasema, gari dogo zima linamezwa. Usipouona uso wa dereva kwenye kioo chake, jua naye hakuoni. Na kabla ya kukata kona lori hutanua kwanza upande wa pili, maana tela ni refu. Wenye magari madogo hudhani wamepishwa, wakajichomeka. Mimi nilikuwa natazama midomo yake tu. Jamani, anavyofundisha!

Jumanne, 5 Agosti

Foleni ya kupima lori kwenye mizani, saa sita nzima. Mvua. Miguu imevimba. Nampenda. Ila natamani kutembea hata hatua kumi.

Alhamisi, 7 Agosti

Tumenasa kwenye lango la yadi ya kushushia mizigo.

Kaka yangu anafanya kazi mji huu. Alitukuta barabarani, akatufuata na kigari chake. Tukiwa kwenye foleni nikamwandikia ujumbe wa simu: pita upande wangu nikuone! Lango likafunguliwa, mume wangu akatanua ili aingie. Kaka akaona nafasi, akaja mbio na honi kama msafara wa harusi. Nami nikapunga mkono. Nikapunga! Ndipo nikapiga kelele.

Gari lake limebanwa kati yetu na nguzo ya lango. Paa liko chini ya dirisha langu, mlango wangu haufunguki. Lori likisogea mbele au nyuma, linamsaga. Winchi ya kuliinua lori iko njiani. Mwanzoni kaka alitania: "Shemeji ana vioo kama kinyozi, angekosaje kuniona?" Kisha akasema mguu wa kushoto hausikii. Kisha nikimwita anaitika "mm" tu.

Muuguzi wa gari la wagonjwa amepenya kwa kaka kupitia dirisha la nyuma. Amenikataza kumsemesha. Ndiyo maana naandika. Nisipoandika nitapiga mayowe.

Mume wangu yuko chini na askari. Namsikia: kosa ni langu, afande, nilitazama vioo, sikumwona. Askari anamuuliza, sasa huyu alifuata nini upande ule? Hajui, anasema. Hajui!

Muuguzi ametoa simu ya kaka, wampigie mama. Mume wangu ndiye aliyepewa. Anakuja nayo, ameweka mguu kwenye ngazi.

Amesimama hapo hapo. Anasoma.