Hodi Mbili kwenye Laini Moja

Wasomaji wangu, barua ya leo ni ya kompyuta, na kompyuta mimi nazijua kama mfuko wa shati langu. Haya, nimedanganya. Ninayo moja, imekufa, naiwekea birika la chai juu. Lakini ugomvi naujua. Someni.

Mpendwa Babu Mshauri, naomba msaada kabla sijarudisha pete ya watu, maana mimi na mchumba wangu tuko ofisi moja, mimi naandika programu ya server, ile kompyuta kuu ya makao makuu, yeye anaandika ya kompyuta za matawi, na kazi yetu ni kuzifanya zizungumze, na kwenye laini lazima mmoja abishe hodi, mwenzake aseme karibu, ndipo ujumbe upite, sasa mimi nikasema tawi ndilo libishe hodi kwa sababu ndilo dogo, yeye akasema, "Mkubwa gani hajui kuwajulia hali wadogo?" nikamwambia, "Hapo husemi kompyuta, unamsema mama yangu kwamba hakujulii hali," basi tukanuna, kila mtu akaandika programu yake ingoje hodi ya mwenzake, laini ikawa kimya kabisa, juzi moyo ukalainika nikabadilisha ya kwangu kimyakimya ianze yenyewe, tulipojaribu zikabisha hodi zote kwa pamoja, kila moja ilingoja kuambiwa karibu, ikasikia hodi, ikakata, yeye akaondoka amekasirika, nami nikarudisha ya kwangu kama zamani, kumbe leo nachungulia programu yake naona naye siku ile alikuwa amebadilisha ili aanze yeye, na ameshairudisha, na hajui kwamba nimeona, na Ijumaa bosi anazindua laini mbele ya wageni, Babu, nani aanze? Ahadi ya kukukuzia herufi za simu, kwa vile ulinilelea paka, sijaisahau.
Mimi niliyenuna

Wewe binti, pole, na pia huna akili. Pole kwa sababu unampenda mtu. Huna akili kwa sababu mtu huyo kakubishia hodi, umeiona kwa macho yako, na bado umekaa ndani umeshika komeo.

Eti nani mkubwa! Ijumaa laini ikinyamaza, wote wawili mtakuwa wadogo kama punje. Hujawahi kukutana na mtu kwenye ujia mwembamba, ukimpisha kulia naye kaenda kulia, ukienda kushoto naye yuko hapo hapo? Kwanza mliponzwa na kiburi. Mara ya pili mmeponzwa na wema wa kufichana.

Sasa sikia. Inuka, nenda mezani kwake, usimtumie ujumbe. Mwambie, "Juzi nilibadilisha ya kwangu ili nianze mimi. Na ya kwako nimeiona." Kisha funga mdomo, mpe zamu, hata chai ipoe. Mkishacheka, pangeni pamoja: mwenye ujumbe ndiye abishe hodi, awe makao makuu, awe tawi, hodi zikigongana, server yako inyamaze, ya kwake ipite. Ndiyo, yako. Na mama yako msimtie kwenye laini. Pete usiivue.

Mimi sinuni, nabisha wa kwanza. Hodi, binti! Paka wako alinikwaruza mkono nikanyamaza. Herufi za simu yangu bado ni kama sisimizi, hii barua yako nimesomewa na muuza duka, na hajamaliza kucheka. Njoo na huyo mchumba, mmoja anishikie simu, mwingine anikuzie herufi.