Ruhusa ya Flora

Mnyambe, 3 Oktoba 2023

Mdogo wangu Flora,

Kabla hata ya salamu, ngoja nikwambie alichofanya mwanao sasa hivi. Kavuta kanga yangu kwenye kamba, kajifunika kichwa mpaka macho hayaonekani, kaenda kukaa mbele ya kinu, kanyamaza. Julia huyu, asiyenyamaza hata akiwa na chakula mdomoni! Nikamuuliza, "We mama, unafanya nini hapo?" Akanitazama kama mimi ndiye nimeingia kanisani na matope miguuni. Baba yake alicheka mpaka akaacha kula. Mimi nilicheka kidogo tu. Tangu tulipokuja kukuona huko kwa masista mwezi wa nane, mtoto huyu ameshika kitu ambacho hatukumfundisha.

Haya, salamu sasa. Hujambo mdogo wangu? Kile kifua kimepona? Unalala vizuri? Sisi wazima. Mikorosho ya huku juu imezaa, ya upande wa bondeni imepigwa na ugonjwa wa ubwiri, lakini tunashukuru. Mama mkwe wangu Bi Hajira anakusalimu sana. Anasema katika ukoo wetu wote mwenye akili ni wewe, umekwenda mahali ambapo hakuna mume wa kukuuliza chumvi iko wapi.

Karatasi uliyonitumia nilimpelekea Mjomba Bartholomayo Jumapili baada ya misa. Nilimsomea yote, kwamba masista wanataka ruhusa ya mkubwa wako, atie dole gumba mbele ya mtendaji wa kijiji, na ifike kabla ya tarehe nane Desemba mtakapopokelewa utawani. Alisikiliza. Akaniambia nisome tena. Nikasoma tena. Akaikunja mara nne, akanirudishia.

"Tulikuwa kumi na mmoja wa tumbo la bibi yenu," akasema. "Tuliovuka mto kukimbia vita ni watatu. Mimi mwanaume, watoto wangu wanahesabiwa kwa mama zao. Mmebaki nyie wawili wa kuurudisha ukoo. Sasa mmoja nikamfungie huko?"

"Hafungiwi, Mjomba. Ameitwa."

"Na nani?"

"Na Mungu."

"Mungu ana watu wengi. Mimi nina wawili."

Flora, niliaga nikaondoka. Unajua mambo yetu. Hata huyu Julia, baba yake Nasibu ndiye anayemlisha, lakini anayemhesabu ni Mjomba. Sikumkasirikia. Na nikwambie kweli, njiani nikirudi na karatasi ile nilijiona mwepesi, kama mtu aliyeambiwa mgonjwa wake hatakufa. Mungu anisamehe.

Na mimi nikuulize, usinicheke, unajua nimeishia darasa la nne. Huyo anayekuita unamsikiaje? Ni kwa sikio? Ni usingizini? Maana mimi husali kila siku, nikimaliza nasikia kuku tu.

Ni mimi dada yako,
Mama Julia

---

Nanganga, 14 Oktoba 2023

Dada yangu mpenzi Mama Julia,

Shikamoo dada. Shikamoo pia kwa shemeji na kwa Bi Hajira, mwambie huku nako tunaulizana chumvi iko wapi, tena ukikosea kuirudisha unaandikwa kwenye daftari la zamu. Kifua kimepona. Mbusu mwanangu katikati ya paji la uso.

Umeniuliza namsikiaje. Dada, hakuna sauti. Unajua ukiwa jikoni umeinama unapuliza moto, mtu akaingia nyuma yako? Hujamwona, hajasema neno, lakini mgongo wako umeshajua kwamba huko peke yako. Ndivyo ilivyo. Hasa alfajiri, tukisimama kanisani kabla ya kuanza zaburi, watu kumi na nane na hakuna anayekohoa. Mara ya kwanza nilikaa chini wenzangu wamesimama. Nikadhani ni njaa. Nilipokula, nikakaa tena siku ya pili.

Lakini nina hofu, na sijamwambia mtu ila wewe. Sisi tuliotoka ng'ambo ya mpaka, mimi na yule mwenzangu Mrundi, Sista Esther mlezi wetu anatuuliza maswali magumu kuliko wenyeji. Wiki iliyopita aliniita bustanini tukapalilia pamoja. Akaniuliza, "Flora, ulipofika hapa ulipenda nini kwanza?" Nikasema kweli: ukuta. Nilipenda ukuta, na geti linalofungwa kwa ndani, na kula mara tatu. Zile siku tulipokimbia mimi na wewe tulilala kwenye majani mara tisa, nani asingependa ukuta?

Sista alicheka, akaendelea kung'oa magugu. Akasema, "Mungu hachukii ukipenda ukuta. Lakini usije ukaolewa na ukuta, mwanangu, ukafikiri umeolewa na Yeye. Chunguza."

Basi nachunguza, dada. Kila nikipiga magoti najiuliza, nimeitwa au nimejificha? Sijapata jibu. Karatasi ya Mjomba isipofika, tarehe tisa natakiwa kurudi nyumbani, na nitaondoka bila kujua.

Mbembeleze. Wewe anakupenda.

Mdogo wako,
Flora

---

Mnyambe, 6 Novemba 2023

Mpendwa mdogo wangu Flora,

Salamu nyingi. Habari za huko? Huku hatujambo. Julia ametoa meno mawili ya nyuma, analia akila, analia akinyimwa.

Nilimbembeleza Mjomba wiki mbili. Mwisho akasema neno hili si lake peke yake, atawauliza wazee waliotangulia kwa unga wa mtama. Nikamwambia, Mjomba, wewe Mkatoliki. Akanijibu, "Padre ataniuliza habari za Mungu. Mama yangu ataniuliza habari za Flora."

Basi ikawa shida ya mti. Unga unamwagwa chini ya mti wa ukoo, karibu na makaburi, na makaburi yetu yote yako ng'ambo ya mto. Mjomba alihangaika. Anasema, "Watanisikia wapi mimi? Hawaujui mti wowote wa huku." Miaka mitatu hajawahi kumwaga unga, kumbe ndiyo sababu. Bi Hajira ndiye aliyesema, "Bartholomayo, tumia huu mti wetu wa msoro. Wakikosa njia wataulizia. Wazee wako hawana midomo?" Mjomba alitaka kukasirika, akashindwa.

Mtama nilitwanga mimi, maana hutwanga dada wa anayeombewa. Siku tatu nililala mbali na mume wangu, ndiyo masharti. Jioni Mjomba akapiga magoti, akaumwaga unga kidogo kidogo kwa vidole huku anawataja mmoja mmoja, na mama yetu akamtaja wa mwisho. Ukasimama mlima mdogo, ncha yake kali. Tukaufunika na ungo. Asubuhi ukikutwa umesimama, wamekubali.

Asubuhi tumekuta umebomoka. Mjomba amesema wamekataa.

Rudi nyumbani mdogo wangu. Chumba chako kipo.

Dada yako,
Mama Julia

---

Nanganga, 15 Novemba 2023

Dada yangu Mama Julia,

Shikamoo. Natumaini hamjambo nyote, na meno ya Julia yametulia. Mimi mzima wa mwili.

Barua yako niliisoma nimesimama getini, nikaenda kukaa bandani kwa ng'ombe maana ndiko hakuna mtu. Nililia. Nikalia hadi kengele ya mchana, sikwenda kula. Halafu katikati ya kulia nikakumbuka swali la Sista, nikajitazama kama namtazama mtu mwingine: huyu analilia nini?

Dada, ukuta sikuukumbuka. Wala chakula, wala kitanda. Nilijiambia, wakikupa nyumba yenye kuta mbili na geti la chuma huko Newala, utanyamaza? Nikaona sitanyamaza. Nilikuwa namlilia Yeye. Nililia kama siku ile mkono wa mama uliponiponyoka kwenye maji, na mimi sijawahi kumlilia mtu mwingine hivyo.

Nilimwambia Sista Esther. Hakunipa pole. Alivua miwani akaifuta, akaivaa, akasema, "Sasa umejua." Kisha akasema tena polepole, "Umejua siku uliyonyimwa."

Nitakuja, dada. Sitaikwepa ruhusa ya Mjomba, kwa sababu ukoo wetu umeshapoteza watu wa kutosha bila ya mimi kuwakimbia waliobaki. Mwambie sina kinyongo. Waliokataa ni wetu, wana haki yao. Tarehe tisa nitapanda basi la asubuhi, nije nikusaidie kuokota korosho. Ila ukiniona nimenyamaza sana usiniulize.

Mdogo wako anayekupenda,
Flora

---

Mnyambe, 30 Novemba 2023

Flora mdogo wangu,

Hujambo? Mimi mzima wa mwili, kama ulivyosema wewe. Barua yako ina wiki nzima ndani ya nyumba hii na sijaweza kula vizuri tangu niisome. Leo nakuandikia jambo ambalo ukilisoma unaweza usinisalimie tena. Lisome lote.

Unga haukubomoka. Niliubomoa mimi.

Siku ile niliamka kabla ya wote. Nikaenda peke yangu kwenye msoro, nikajiambia naenda kuangalia tu. Moyoni nilikuwa nimeomba uwe umeanguka. Nikafunua ungo. Flora, ulikuwa umesimama. Usiku kulikuwa na upepo, mabati ya jirani yamelia, siafu walikuwa wamepita pale chini, nimeiona njia yao imefika kwenye unga ikauzunguka ikaendelea. Na mlima ule haukuwa na hata ufa. Ncha yake ilikuwa kama alivyoiacha Mjomba kwa vidole. Mweupe, na jua halijatoka. Nikasikia kile ulichoniandikia, kwamba mgongo unajua huko peke yako. Nilikusikia wewe nikakielewa.

Na bado nikanyoosha mkono. Nilikuona tarehe nane unaingia ndani na mlango unafungwa, na mimi nabaki mwenyewe wa tumbo la mama. Nikausukuma kwa kiganja. Nikafunika, nikarudi kulala karibu na Julia na unga kwenye kucha.

Nilidhani nimekuzuia usiende. Kumbe nimekupa ulichokuwa unakitafuta, hata sielewi hilo limekuwaje. Mtu anakosea kwa nia mbaya, na Yeye anaichukua ile ile mbaya anaifanyia kazi Yake! Nilimwambia Nasibu. Yeye Mwislamu, hakuongea mengi, alishika kichwa akasema, "Mke wangu, umejibiwa ukaziba masikio. Nenda kwa mjomba wako leo, usingoje kesho."

Basi jana nilikwenda. Nilipiga magoti mlangoni, nikamwambia yote. Nilikuwa tayari anipige. Mjomba hakunigusa. Aliniuliza neno moja.

"Unga ulisimamaje?"

Nikamwonyesha kwa mikono.

"Na ncha?"

"Ilikuwepo, Mjomba. Kama ulivyoiacha."

"Niambie tena."

Nikamwambia tena. Akaniambia nirudie mara ya tatu, na ya siafu pia. Halafu mzee yule, ambaye hatukumwona akilia hata siku tunavuka, akajifunika uso na kofia yake, mabega yakawa yanaruka. Nikaogopa. Nikasema, Mjomba nisamehe. Akatikisa kichwa kama vile silo hilo.

"Miaka mitatu," akasema, "nimedhani tumewaacha. Nimedhani wako kule peke yao na sisi tuko huku peke yetu. Kumbe walinisikia. Nilimtaja mama yako, akanisikia!"

Juu ya karatasi hakusema ndiyo wala hapana, na mimi sikuthubutu kuuliza. Leo amekuja hapa tangu asubuhi, kakaa barazani, kavaa shati lake jeupe la Pasaka. Bi Hajira kamuuliza, "Bartholomayo, kuna harusi?" Ananyoosha kola. Julia kamkalia miguuni, kanyamaza kama siku ile ya kinu. Nami nimejificha chumbani nakuandikia, kwa sababu siwezi kumtazama.

Flora, ukinisamehe niambie, usiponisamehe pia niambie. Mimi sijui maneno ya kanisa. Ninachojua ni kwamba mkono huu niliutia mahali ambapo hata siafu walipapisha, na haukukauka, uko hapa unakuandikia. Nikiutazama nashangaa. Nilikuwa naogopa kwamba akikuchukua wewe mimi nitabaki mtupu, na sasa naona kama kwamba mtu akiitwa hivyo, hata aliyebaki nyumbani naye anakuwa...

Mjomba ananiita. Anasema, "Mama Julia, toka na hiyo karatasi, mtendaji anafunga saa sita, na mtoto mbebe wewe maana mimi leo nataka kutembea haraka."