Abee ya Mwanamume Kisauni

Mama yangu mpendwa,

Mulembe. Natumaini goti lako limepoa tangu mvua iishe, na yule ng'ombe mwekundu amekubali kukamuliwa na mtu asiye wewe. Mimi huku Changamwe ni mzima, joto tu ndilo linalonimaliza. Kazi ya kupakia majani ya chai kwenye bohari ni ile ile. Mgongo unalalamika lakini tumbo linashiba.

Leo nina habari ya Neema, yule msichana wa kazini niliyekudokezea. Jumapili alinipeleka Kisauni kwa nyanya yake aliyemlea, maana bila neno la huyo bibi hakuna ndoa. Nilinyoa ndevu, nikapiga shati pasi mara mbili.

Sasa Mama, watu wa pwani wana adabu ya kuitika. Mama mwenye nyumba wangu akiwaita binti zake hawasemi "nini?" kama sisi, husema "abee". Neno hilo lilinipendeza, nikaliweka akiba. Nyanya aliponiita kutoka uani, nikaitika kwa sauti yangu nene, "Abee." Jikoni shangazi mtu aliangusha mwiko kwa kicheko. Kumbe abee ni ya wanawake, mwanamume huitika "naam". Masikio yaliniwaka, nikajua nimeshaharibu.

Nyanya hakucheka. Alichukua fimbo yake, akasema twende nikaone kitu.

Mara ngapi nimeshuka steji ya Kengeleni nikienda soko la Kongowea, wala sijawahi kuuliza hiyo kengele iko wapi. Iko pale pale kando ya barabara, imetundikwa juu ya nguzo za mawe, karibu na kanisa la zamani. Nyanya alinieleza kwamba wazee wake walikuwa watumwa waliookolewa baharini, wakapewa makao hapo waanze upya. Vyombo vya wauza watu vikionekana, kengele ililia, watu wakajificha. Babu yake aliletwa akiwa mtoto mdogo, hajui kwao wala jina aliloitwa na mamake. Mji huu nimeuzunguka, nimeona ufuo wa Nyali na ile ngome ya kisiwani, na yote ni mazuri ajabu, lakini hakuna kilichonishika moyo kama kengele ile.

Ndipo akaniuliza nilienda kwetu lini. Nikasema kweli, Krismasi mbili zimepita.

"Babu yangu alikufa na hamu ya kusikia mamake akimwita mara moja tu," akasema. "Wako yuko hai, akuita, nawe huitiki. Nami nikupe mjukuu wangu?"

Nililia, Mama, pale pale barabarani, watu wakinipita na mikokoteni ya nazi. Nisamehe. Simu zako nimekuwa nikizikata nikisingizia kazi, kumbe nilikuwa naogopa uniulize narudi lini.

Nyanya amesema nikuone wewe kwanza, nirudi na neno lako, ndipo naye atasema lake. Nimeshapewa likizo, nakuja Desemba na Neema.

Msalimie kaka anayelima shamba la mtoni, na shangazi Nasimiyu umwambie sasa apumzike kuniombea mke.

Siku nitakayofika usije mlangoni kunilaki. Kaa jikoni uniite kwa nguvu, kama ulivyoniita nikichunga. Ukisikia "naam" huko njiani, usiulize ni nani.

Mwanao,
Wafula