Kichaka cha Dirishani

Jumatatu, 4 Machi
Leo nimekata tawi kwenye kichaka cha marehemu mke wangu, nikaenda nalo kazini. Sijui kwa nini. Labda nilitaka anisindikize. Maabara yetu hutafuta dawa kwenye mimea ya kila mtu — huu tu haujawahi kupimwa.

Kinu kaninusa mlangoni. Tunamwita hivyo kwa kuwa kazi yake ni kusaga majani, na mdomo wake nao haupumziki. "Mzee, umeanza kujipulizia manukato? Nani huyo?"

Majani tumeyaanika kivulini. Chumba kizima kikanukia leso za mke wangu. Alikuwa akizitandaza juu ya kichaka kile — na kamba ya kuanikia ipo!

Jumanne, 12 Machi
Unga wa majani ulilowa kwenye spiriti, tukachuja, tukakausha. Mabaki tukayatenganisha kwenye kibao cha kupimia; chini ya taa ya bluu doa moja likawaka. Manjano, laini, kama dirisha la mtu aliye macho bado. Kinu akauliza kama nimelala wima. Sikulala. Nilikuwa mbali.

Ijumaa, 15 Machi
Limeua! Kwenye kisahani cha vijidudu, pale tulipodondosha dawa, pamebaki duara safi. Vijidudu sugu, jamii ile ile iliyoshinda kila dawa kwenye kidonda cha mke wangu.

Kinu alipiga kigelegele. Mkuu wetu hakucheka. Kasema kwenye majani dawa ni kiduchu mno, haitoshi hata kujua imeundwaje. Itakuwa imejaa mizizini; lazima kichaka king'olewe. Nikamwambia nimeotesha miche kutoka kichaka hicho hicho. Akatikisa kichwa: miche michanga haina kitu, dawa hii huja na umri.

"Mti ni wako, kaka. Ukikataa, sitakuuliza tena."

Jumamosi, 16 Machi
Binti yangu kasema mama yake angeshika jembe mwenyewe, tena angetufokea kwa kuchelewa. Tukacheka. Kisha akaenda kukaa karibu na kichaka mpaka chai ikapoa.

Nimempigia mkuu. Nimesema waje.

Jumapili, 17 Machi
Wamekuja asubuhi. Kinu kavaa viatu vya shamba vya mumewe, anatembea kama bata. Tumechimba taratibu. Mizizi midogo tumeiosha, imo kwenye ndoo. Ule mkubwa, mnene kama mkono, haukuelekea uani. Umepita chini ya ukuta, umeingia nyumbani!

Nimewaambia naleta maji. Nipo chumbani. Nimepima kwa macho kutoka dirishani: mzizi umekuja moja kwa moja hadi upande wa kitanda aliolala mke wangu. Miaka yote ile, sisi tumelala juu yake.

Nimejilaza sakafuni, naandikia hapa hapa. Saruji ya baridi. Sikio liko chini, nasikia jembe — du, du — polepole, wanaogopa wasiujeruhi.

"Mzee!" Kinu anaita dirishani. "Mkuu anauliza, tuukate hapa ukutani, au tuufuate ndani, tubomoe sakafu?"