Salamu za Mayu kwa Mtu wa Laini

Bariadi, Jumapili

Bado naona aibu. Tangu mayu, yaani mama yangu, asasishe simu yake juzi, intaneti inakataa, na leo mchana nilikuwa kwake nikihangaika nayo. Nimezima, nimewasha, wapi.

Mara akapiga mtu, eti anatoka kampuni ya simu, ameona laini ina tatizo. Akatuma ujumbe wenye tarakimu sita, akataka nimsomee. Nami nikaanza kusoma! Mimi, niliyemkataza mayu mwaka mzima asimtajie mtu namba ya siri.

Nilikuwa nimefika ya nne mayu aliponipokonya simu.

"Mnaongea tu bila kusalimiana?" Akaanza taratibu, kwa salamu ya Kisukuma: "Mwadela, baba. Ng'ombe wazima huko? Wewe ni mtoto wa nani, wa kijiji gani?"

Yule bwana akakata.

Hapo ndipo nikashtuka. Nilipomweleza kwamba alikuwa tapeli, mayu alicheka mpaka khanga ikamdondoka.

Intaneti bado inakataa. Wakati naaga, akanishika mkono, akanirudishia somo langu mwenyewe, polepole, kama ananifundisha kuhesabu: "Ngosha, mwanangu, namba ya siri usimtajie mtu."