Usimpigie Kura Baba Chumvi

Durban, 4 Mei 2025

Mdogo wangu Séverin,

Bwana asifiwe. Mimi na watoto tuko wazima, ni goti tu linanisumbua kwa kusimama saluni kutwa. Na wewe? Kikohozi kimekuacha? Unakula? Usinijibu "nakula," niambie unakula nini.

Ulisema simu zinakaguliwa barabarani huko Bukavu, basi nakuandikia barua pepe kama tulivyopatana. Soma kwenye kompyuta ya parokia, kisha futa. Na mimi zako nazifuta, ingawa moyo wa dada mkubwa unauma kufuta maneno ya mdogo wake.

Ijumaa saluni ilikuwa imejaa. Marie, yule anayesuka pamoja nami, akatoa simu: "Jamani, kuna ukurasa wa vijana wa Nairobi, wanapanga waandishi kumi bora wa katuni wa siku hizi. Siyo wachoraji. Waandishi!" Papy wa duka la simu hapo mlangoni akadakia: "Mwandishi wa katuni anafanya nini? Si mchoraji ndiye anayefanya kazi yote?" Marie akamwambia, "Wewe Papy, mchoro bila hadithi ni picha ya paspoti."

Ndipo ugomvi ulipoanza. Papy anamtaka Boniface wa Mwanza, yule wa hadithi za mpira. Marie anasema viputo vya maneno vya Boniface ni vikubwa mpaka wachezaji hawana vichwa. Yeye ni wa Rhoda wa Kisumu, aliyetunga nesi anayetibu wafu. Mara mteja mmoja, kichwa kimesukwa nusu tu, akasema: "Na Baba Chumvi je? Yule wa *Mwenye Mti*?" Wote wakacheka kabla hajamaliza. Wakakumbushana yule komanda anayetembea na mti wa bariyeri begani, ule wa kufungia barabara, akiutua popote anadai kodi. Akautua kati ya bibi harusi na bwana harusi. Akautua kati ya mtu na sahani yake.

Nilicheka na mimi, Séverin. Kisha nikainamia kichwa nilichokuwa nasuka, kwa sababu saluni nzima ni mimi peke yangu ninayejua Baba Chumvi ni nani.

Umewekwa wa tano. Watu wanapiga kura mpaka tarehe ishirini Juni. Na chini pale mtu ameandika: "Huyu Baba Chumvi ni nani hasa? Tumtafute." Labda ni shabiki tu. Labda.

Yaya wako,
Godelive

---

Bukavu, 9 Mei

Yaya Godelive,

Salamu nyingi sana. Kikohozi kimepungua. Nakula majani ya sombe na ugali, na jana samaki wa ziwani, sambaza. Umeridhika? Goti lako ulikande kwa maji ya moto, usilisifu tu kwa watu.

Wa tano! Yaya, uniache niwe wa tano kidogo. Hapa mtu anaamka akiwa si kitu, anapita kwenye bariyeri akiwa si kitu, anarudi nyumbani akiwa si kitu. Halafu anasikia mwanamke mwenye nusu ya kichwa huko Durban amecheka.

Lakini mwambie Marie ana akili. Hata mimi ningemweka Rhoda wa kwanza. Mwandishi wa katuni hapimwi kwa wingi wa maneno, anapimwa kwa anayoyazuia. Rhoda anaacha kisanduku kizima cha mchoro bila neno, na wewe unasikia mtu analia ndani yake. Mimi bado sijafika pale. Nikimpa komanda zaidi ya maneno sita kwa kisanduku, Désiré anakataa kuchora. Anasema, "Mwenye bunduki hahitaji sentensi ndefu."

Usiogope. Wanaojua ni watatu: mimi, Désiré anayechora, na wewe. Ni kweli kule kando ya ziwa yuko mkubwa mmoja wa bariyeri ambaye askari wake wameanza kumwita Mwenye Mti kwa siri. Désiré aliwasikia. Mkubwa mwenyewe hajacheka. Ameuliza tu ni nani anaandika. Kuuliza si kujua.

Mdogo wako,
Séverin

---

Durban, 21 Mei

Séverin wangu,

Bwana asifiwe. Watoto wazima, goti nimelikanda.

"Kuuliza si kujua." Maneno hayo hayakunisaidia hata kidogo. Uko wa tatu sasa, unasikia? Basi nimekuwa wakili wa Rhoda. Kila mteja akikaa namwambia, "Mama, usimpigie kura Baba Chumvi, huyo anachekesha tu. Mpigie Rhoda." Marie amenishangaa: "Mama Godelive, Baba Chumvi alikukosea nini? Mlikuwa wachumba?" Wakaniangalia wote. Nikasema namwona hana adabu. Mungu anisamehe, ndugu yangu, nimekusengenya mji mzima.

Jumatano iliyopita wale wa maandamano dhidi ya wageni walipita mjini. Tulishusha bati la mlango, tukakaa ndani kimya, sisi na wateja wanne, tukisikia nyimbo zao zikikaribia mpaka kwenye robot, zile taa za barabarani za kona pale. Rangi ya nywele ilikuwa juu ya kichwa cha dada mmoja na hatukuthubutu kufungua maji. Eish. Kule gizani mtu akafungua simu, akaanza kusoma *Mwenye Mti*, wakapokezana, wakicheka kwa mabega tu. Niliona basi ni kwa nini hutaki kuacha. Niliona pia kwamba woga wangu na wako ni mmoja, umegawanyika tu njia.

Sikuweza kuubeba peke yangu. Alhamisi nilikwenda kwa waombezi wa kanisa letu. Unawajua: Mama Laetitia hapokei ombi la nusu. Lazima jina la ubatizo, jina la baba, mahali mtu alipo, shida yake, na picha ya kuwekea mikono. Nilimpa ile ya suti ya buluu. Nilisema tu: mdogo wangu ni Baba Chumvi, wanamtafuta, Bwana amfiche. Walilia, Séverin. Walikuwekea mikono mpaka picha ikalowa machozi. Nilitoka mwepesi. Ni siku ya kwanza nimelala usingizi wa kweli tangu ukurasa ule.

Yaya wako,
Godelive

---

Bukavu, 31 Mei

Yaya,

Nisamehe, salamu zitakuwa fupi. Niko mzima leo.

Picha ya suti ya buluu iko kwenye ule ukurasa wa kura. Désiré aliiona. Imeandikwa hivi, nimenakili: "Wapendwa, tumpigie kura kaka yetu Séverin, mtoto wa Bukavu, ndiye Baba Chumvi. Wanamtafuta, tumfunike kwa maombi. Tuma kwa makundi yote." Na mikono mitatu ya kusali. Watu wametuma kweli. Nimekuwa wa kwanza ndani ya siku tatu. Rhoda mwenyewe ameandika kunipongeza.

Sijakasirika. Nasema ili ujue sijakasirika, maana nakujua, utaacha kula. Uliwapa wale mama kwa imani, nao wakagawa kwa upendo. Sijui hata nani wa kumlaumu.

Jana askari wawili walifika kwa mwenye nyumba wangu na simu, wakamwonyesha suti ya buluu. Akasema simjui huyu. Mtu mwema, kwa sababu suti yenyewe ilikuwa imeanikwa uani nyuma yao.

Silali kule tena. Désiré nimemtoa mjini, akifika salama atakupigia. Mimi nasubiri mtu wa kunivusha. Usiandike mara kwa mara.

Mdogo wako

---

Durban, 1 Juni

Séverin, Séverin,

Nilisoma nimesimama, nikakaa chini sakafuni juu ya nywele za watu.

Nilikwenda mbio mpaka mtaa wa Cato Manor kwa Mama Laetitia. Alikuwa anapepeta mchele. Nikamwuliza, "Mama, picha ya mdogo wangu imefikaje kwenye simu za watu?" Akasema kwa furaha, "Si tuliiweka kwenye kundi la waombezi! Wote wanawekwa, mgonjwa na msafiri na anayetafuta makaratasi. Tena mwenzetu Mama Carmel akaona ni vizuri tumwongezee kura, Mungu ampe na heshima juu ya ulinzi." Nikamweleza. Ungo ulimtoka mkononi. Tumekaa sakafuni wazee wawili tukiokota mchele, hakuna aliyeweza kumtazama mwenzake. Amewaamuru wote wafute. Lakini kundi lile lina watu wa Joburg, wa Lubumbashi, wa Nampula. Utaita upepo urudi?

Niliwaandikia na wale vijana wa Nairobi: mtoeni ndugu yangu kwenye orodha. Wamejibu kwa heshima sana kwamba picha wameiondoa, lakini kura ni sauti ya wasomaji.

Ondoka. Usisubiri mtu wa kukuvusha, ondoka na miguu yako. Usimalize kipande unachoandika. Najua unakimaliza.

Nimekosa, mdogo wangu. Nilidhani siri nikimpa Mungu haiwezi kupitia kwa watu.

Yaya wako,
Godelive

---

Durban, 14 Juni

Séverin,

Natumaini u mzima. Désiré amenipigia, ni salama. Wewe hajakusikia. Parokia simu haipokelewi.

Hujaandika. Labda uko njiani, na njiani hakuna kompyuta. Marie sasa anajua, nilishindwa kuficha. Hanitanii tena.

Andika hata kikohozi tu.

Yaya wako

---

Bukavu, 29 Juni

Mpendwa dada,

Natumai barua hii itakukuta katika hali njema ya afya, kama ilivyo kwangu. Ninayo furaha kubwa kukujulisha kwamba niko salama na nimepata ulinzi mzuri wa viongozi wetu. Bila shaka umeona kwamba nimetangazwa mwandishi bora kuliko wote, nafasi ambayo nilistahili kwa muda mrefu. Umeona pia kipande changu kipya ambacho nimeeleza ukweli juu ya kazi nzuri ya usalama barabarani.

Nimepoteza mawasiliano na mchoraji wangu Désiré. Kwa kuwa tunataka kuendelea na kazi, tafadhali nitumie upesi namba yake na mahali anapokaa.

Ndugu yako,
Séverin

---

Durban, 30 Juni

Wewe unayeandika kwa jina la mdogo wangu,

Bwana asifiwe. Sijui kama unasali. Nakusalimu hivyo hivyo, kwa sababu sisi hatujui kuanza barua bila kumuuliza mtu hali yake. Hujambo? Uko mzima? Kama una mama, yu hali gani?

Marie amenishauri nijifanye nimekuamini, nikuzungushe maneno. Nimejaribu tangu asubuhi. Siwezi, mimi si mtu wa kutunga. Anayetunga nyumbani kwetu ni mmoja.

Kipande chako kipya tulikisoma saluni. Papy akasema, "Huyu wa kwanza ameharibika." Umempa komanda hotuba visanduku vitano, viputo vimefunika hata barabara yenyewe. Ameuweka mti chini, anawagawia watoto biskuti. Sikuhitaji barua yako baada ya hapo, nilikuwa nimeshajua. Séverin hajawahi kuniita dada tangu aanze kusema, kwake mimi ni yaya. Na hangesema alistahili nafasi ile. Alikuwa na mtu wake wa kumweka pale, Rhoda.

Habari za Désiré sitakujibu. Nimeshakaa na kosa moja la kutaja jina na mahali, la pili halina pa kukaa ndani yangu.

Sasa sikiliza, mwanangu, maana kwa maandishi yako nadhani bado u kijana. Sikutukani. Najua umetumwa. Umeketi kwenye hiyo kompyuta, umetafuta maneno ya kumfanya mwanamke wa mbali akuamini, umefuta, umeandika tena. Basi umeshaonja kazi yake. Ameifanya kwa ajili ya watu wanaoogopa, ili wapate dakika moja ya kucheka huku mlango umefungwa. Hana bunduki. Kikohozi chake hurudi akilala pa baridi. Kama yuko chumba cha pili, mfunike.

Na kama hayuko tena, usinitungie.

Mimi nitafungua barua pepe hapa kila jioni nikitoka kazini. Sihitaji barua nzima, wala salamu, wala sababu. Niandikie neno moja: yupo. Liandike upendavyo, hata vibaya. Neno hilo kutoka kwako nitaliweka juu ya yote niliyowahi kusoma.

Godelive,
yaya wa Séverin